Mkanda wa Kuazima

Bi Mwantumu alikaa juu ya mswala tangu adhuhuri hadi karibu na alasiri, na wala haikuwa kwa wingi wa ibada. Alishindwa kuinuka.

Mimi ndiye niliyemkuta. Nilipita kumjulia hali, kama jirani na kama mtu wake wa mazoezi kutoka zahanati. Nikapiga hodi mara tatu, nikajibiwa na sauti iliyotoka chini mno.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."

"Marahaba. Ni Hidaya? Funga mlango kwanza, mwanangu, halafu ndiyo tuulizane habari."

Alikuwa amepiga magoti, viganja viwili sakafuni, kanga imemlegea kichwani. Mkanda wake ulikuwa umetundikwa ukutani unachajiwa. Aliuvua akidhani rakaa nne si safari.

"Umeanguka?"

"Ningeanguka ningekuwa na la kusimulia. Nimekwenda chini kwa hiari yangu mwenyewe. Kurudi ndiko kulikonishinda."

Nilimshika kwapani nikamwinua. Miguu yote miwili ilimtetemeka. Nilipomkalisha kitandani nikapitisha mkono juu ya paja lake, kama ninavyofanya kazini, nikahisi mfupa kabla ya nyama. Mama huyu, haoni hata kivuli, miaka miwili nyuma alikuwa anakaa na kuinuka kwenye kiti mara kumi na mbili bila kushika popote.

"Usimwambie mtu," alisema. "Hasa Tabitha. Atanicheka mpaka Krismasi yao."

Tabitha ni shoga yake wa tangu usichana, Mlutheri, mwimbaji wa kwaya, ambaye presha ya macho ilikuwa imemwachia kitundu kidogo tu cha kuonea. Walikuwa wanachekana kila siku. Nikaahidi kunyamaza. Kunyamaza kumbe ninakuweza sana, kama mtakavyoona.

*

Niueleze huo mkanda, maana umeshapitwa na wakati na wengine mnausikia tu.

Ulikuwa mpana kama kiganja, unafungwa kiunoni juu ya nguo. Ndani yake mlikuwa na visahani vinne vya chuma vinavyozunguka kwa kasi ya kutisha, na kifaa cha kupima mwinamo. Mtu akianza kulalia upande, kabla yeye mwenyewe hajajua, visahani vinageuka na kumrudisha wima. Wazee wakauita Mshikaji. Serikali iliwagawia wote wasioona na wanaoona kwa shida, na huku kwetu Kwemhanga, juu milimani Usambara, ambako hata kwenda chooni ni kupanda na kushuka, ilikuwa neema. Mwaka wa kwanza hakuvunjika nyonga hata mmoja. Nilishangilia na wenzangu.

Kabla ya hapo nilikuwa na darasa, kila Jumanne kwenye ukumbi wa ushirika. Nilifunga kamba ukutani usawa wa kiuno, wazee wanaipapasa wakitembea kisigino mbele ya vidole, kisigino mbele ya vidole. Wanasimama kwa mguu mmoja, mkono umeachana na kamba kwa shubiri. Wanajiinua kwa ncha za vidole kama mtu anayetafuta kitu kwenye kabati la juu. Mwili husimama kwa mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na maungio yake. Macho yakinyamaza, hao wawili waliobaki wanafundishika hata uzeeni, ila wanataka kuulizwa kila wiki. Usipowauliza wanasahau ushahidi.

Mshikaji akaja akawajibia wote. Mahudhurio yakashuka. Mwisho nikawa na watu wawili na mbuzi mmoja aliyejiingilia, nikaikunja ile kamba kwa mikono yangu. Hakuna aliyeniamuru. Nilikuwa nimechoka kubembeleza watu wazima, nikaona heri mashine inipumzishe. Hilo ni la kwanza ninalolijutia, na si kubwa kuliko yote.

Kesho yake baada ya ule mswala nilimrudia Bi Mwantumu.

"Miguu yako imelala," nikamwambia. "Mkanda unafanya kazi yote peke yake. Niruhusu niupunguze nguvu, kidogo kidogo, turudi na mazoezi, miguu iamke."

"Upunguze nini?"

"Nguvu ya mkanda. Fundi wake hapa kijijini ni mimi, naweza."

"Weee! Hidaya, wewe unaona. Korongo la kwa Shemhando unajua linaanzia wapi. Mimi nalijua kwa ubaridi wake tu. Umewahi kuanguka usijue utafika chini lini?"

"Hapana, mama."

"Basi usiniguse Mshikaji wangu."

"Na siku akizimika ukiwa peke yako?"

"Nitamwita Mungu. Yeye hachajiwi."

Nikasema haya, nimekuelewa. Na nilimwelewa kweli, sina pa kujifichia hapo. Siku ya nne nikaupunguza.

Ilikuwa kazi ya dakika moja. Kila mwezi mikanda ilipita mikononi mwangu kusafishwa. Kiwango chake kilikuwa mia. Nikakishusha hadi tisini, nikamrudishia, nikamwambia nimeufuta vumbi.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Nilijiambia hii ni dawa, na mtoto hupewa dawa ndani ya uji. Lakini yule hakuwa mtoto. Alikuwa mtu wa miaka sabini na minne, aliyeulizwa kwa Kiswahili na kukataa kwa Kiswahili.

Wazee wengine sikuwauliza kabisa. Nilijua watasema yale yale, na ningemgusia mmoja tu, habari zingemfikia Bi Mwantumu kabla ya jua kuchwa. Kwemhanga haina siri. Basi nikamshughulikia mmoja, niliyempenda kuliko wengine, na kazi ya siri ikanifurahisha kama mtu aliyeficha zawadi.

*

Kamba nikaifunga upya, safari hii barazani kwake. Jumanne na Ijumaa. Nikamwambia serikali inataka vipimo vya wenye mikanda. Uongo ukishazaa wa kwanza, wa pili hauna uchungu.

"Kaa. Inuka. Bila mikono, Bi Mwantumu."

"Mikono nimepewa na Mola nisiitumie?"

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Huo uvungu wenyewe una nini? Panya tu."

Lakini aliinuka. Mwezi wa pili nilikuwa kwenye sabini, naye anainuka mara sita. Mwezi wa nne hamsini, anasimama kwa mguu mmoja mpaka nimalize kuhesabu kumi, na anagombana nami kwamba nahesabu polepole kwa makusudi. Mara mbili aliyumba vibaya nikawahi kumdaka, akasema, "Mshikaji leo kasinzia." Ningesimama pale nikakiri. Badala yake nikasema nitausafisha tena.

Mwezi wa saba nilifika kumi na tano. Kumi na tano haimshiki mtu, inamgusa tu ajue ipo.

Ijumaa moja nikamkosa barazani. Nikamkuta shambani kwake, ngazi arobaini chini ya nyumba, fimbo ameiegemeza kwenye shina, anapapasa plamu tawi kwa tawi na kuzitia kwenye kikapu. Hakuna aliyemshusha.

"Umemwona huyu Mshikaji?" alisema aliposikia nyayo zangu. "Kadiri anavyozeeka ndivyo anavyonoga. Zamani alikuwa ananibana kama polisi. Sasa hata simsikii."

Nilicheka mpaka machozi yakanilenga. Nilitaka kumwambia, mama, ni wewe, hizi ngazi umezishuka kwa miguu yako mwenyewe. Neno lilinifika mdomoni. Nikawaza: akijua ataogopa, akiogopa atarudi kukaa. Wiki mbili zaidi, nikajiambia, nifike sifuri, ndipo nimwambie yote na tucheke pamoja. Akanipa plamu nikaila.

*

Alhamisi iliyofuata kaka yake Bi Tabitha alifariki, ng'ambo ya bonde. Nilisikia habari nikiwa zahanati. Saa saba mchana nikarudi, nikapitia kwa Bi Mwantumu nimchukue twende msibani.

Alikuwa uani anaanua nguo. Anatembea huku na huku kati ya kamba mbili, shuka begani, haraka kama mtu mwenye macho yake. Kiunoni hana kitu.

Nisiwadanganye, kwanza nilifurahi. Nilisimama pale nikafurahi, pumzi tatu nzima.

"Nakusikia umesimama," alisema. "Unanitazama nini?"

"Mkanda uko wapi, Bi Mwantumu?"

"Nimemwazima Tabitha. Wake si uko Tanga kwa mafundi tangu juzi? Kafiwa na kaka, ungetaka akae ndani kama kuku wa mayai? Aliyefiwa hanyimwi kitu. Nimemfunga mwenyewe kwa mikono yangu." Akacheka kidogo. "Nami najisikia mguu mwepesi siku hizi, uani hapa naweza bila. Nikamwambia, huyu hajaniangusha hata siku moja. Nenda, usiogope."

"Ameondoka na nani?"

"Wenzake wa kwaya walitangulia. Kasema Mshikaji anamtosha. Hidaya? Mbona unakimbia?"

Mkanda ule humjifunza mtu mpya kwa robo saa: uzito wake, mwendo wake, upande anaolalia. Lakini kiwango cha nguvu hubaki pale alipokiweka fundi. Na Bi Tabitha alikuwa ameishi zaidi ya miaka miwili kwenye mia. Hakuwa amegusa kamba yoyote. Miguu yake ilikuwa ile ile niliyoipapasa siku ya mswala, ila mwenye nayo alikuwa mwingine.

Nilimkuta chini ya kona ya pili, pale njia inapoupita mfereji. Watu walikuwa wameshamfunika kanga. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia na wayo umegeukia nje, na mtu wa kazi yangu hahitaji kuambiwa maana yake. Alinitambua kwa sauti.

"Hidaya," alisema, anatweta. "Nimejiachia kama siku zote. Mbona hakunishika?"

Nikamwambia anyamaze asichoke. Ndege ya wagonjwa ilifika baada ya nusu saa, ikamnyanyua, na upepo wake ukatupulizia vumbi sote.

*

Kutoka mradi wa mikanda alikuja Bwana Mhina, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa milimani. Aliupima mkanda, akaona visahani vinazunguka, betri nzima, hakuna ubovu. Ukurasa wa viwango hakuufungua. Ufunguo wake ulikuwa kwangu.

"Aliyeumia alivaa mkanda usio wake, na hakusubiri umjifunze," alisema. "Kosa ni la aliyeuazima kwa mwenzake. Dada Hidaya, wewe kama fundi una la kuongeza?"

Nikasema sina.

Jumatatu yake mikanda yote milimani ikasema kwa sauti ile ile laini ya kike: "Mkanda huu ni wa mtu mmoja. Kumwazima mwingine kunaweza kumletea majeraha." Ilisema asubuhi na jioni, wiki nzima. Bi Mwantumu aliusikiliza wake akiwa amekaa kitini, mikono mapajani.

Akaacha mazoezi. Akaacha shamba, plamu zikaoza. Nikija Jumanne namkuta kwenye kiti kile kile.

"Inuka, mama, japo mara moja."

"Niende wapi? Nimemvunja Tabitha."

"Amefanyiwa upasuaji, amerudi kwa mwanawe. Anakuulizia."

"Anaulizia kwa adabu. Nilimfunga mwenyewe, Hidaya. Nikamwambia asiogope. Mikono hii."

Wiki ya tatu nikamshika paja akiwa amekaa. Nilikuwa nimeujenga mguu ule miezi saba, kiti hadi kiti, na ulikuwa umeanza kurudi ulikotoka. Wiki tatu nyingine angekuwa tena juu ya mswala anasubiri hodi. Ningeweza kuendelea kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Dhambi ilikuwa imeshapata wa kuibeba, tena anaibeba bila kulalamika. Hilo ndilo lililonishinda.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwambia. Tisini, sabini, hamsini, kumi na tano. Vumbi ambalo halikuwepo. Vipimo vya serikali ambavyo serikali haikuviomba. Bwana Mhina na "sina la kuongeza." Sikulia, nilikuwa naogopa mno.

Jikoni birika lilichemka mpaka likajizima.

"Kwa hiyo siku ile ya plamu," alisema mwishoni, "nilikuwa nashikwa na nani?"

"Hukushikwa. Ni wewe."

"Na ngazi?"

"Ni wewe, mama. Zote."

Uso wake ulifunguka, nikaona furaha ikipita, ndogo, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwa wema. Halafu ikaondoka, na kilichobaki sijawahi kukiona usoni pake tangu nimfahamu.

"Ungeniambia siku ile," alisema. "Pale pale, na plamu mdomoni. Ningekutukana, ningelia, halafu ningejivuna kijiji kizima. Na Tabitha alipokuja ningemwambia, shoga, huu usichukue, huu hauna kitu ndani, ninayotembea nayo ni miguu yangu."

"Najua."

"Hujui. Kamwambie na yeye."

Aliinuka. Bila mikono. Akachukua fimbo, akafunga kanga, akapapasa mlango. Nilinyoosha mkono nimshike kiwiko kwenye kizingiti, kwa mazoea tu.

"Usinishike."

Nikatembea nyuma yake hatua tatu. Alishuka njia nzima kwa fimbo na nyayo, anasimama penye ubaridi wa korongo, anasikiliza, anaendelea. Kwenye ile kona ya pili alisimama zaidi. Hakuyumba hata mara moja. Sijawahi kumfundisha mtu akaiva vile, na sikuthubutu kumsifu.

*

Bi Tabitha alikuwa amelazwa chumba cha mbele nyumbani kwa mwanawe, mito chini ya goti. Madaktari walikuwa wameshamwambia kwamba mguu ule hautambeba tena. Mlangoni mkwewe alimpa Bi Mwantumu kigoda, akakaa karibu na kichwa cha mgonjwa. Walishikana tu vidole.

Nikasema tena yote, safari hii nimesimama. Nilijikwaa zaidi kuliko mara ya kwanza. Bi Tabitha alinisikiliza akichezea uzi wa blanketi.

"Miezi saba?" aliuliza.

"Miezi saba."

"Na Mwantumu siku hizi anapanda na kushuka."

"Hata sasa nimekuja mwenyewe," Bi Mwantumu akasema taratibu.

"Kiunoni huna kitu?"

"Sina kitu."

Bi Tabitha akapumua. Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimejiandaa nayo njia nzima, nikaona hata akinitemea mate ni haki yake.

"Na mimi?" alisema.

"Wewe nini, mama?"

"Mimi mbona hukuniuliza?"

Nikamwambia ukweli, maana uongo ulikuwa umeniishia. Nikasema nilimuuliza Bi Mwantumu akakataa, nikadhani wote mtakataa. Niliogopa habari zisije zikavuja. Niliyasema hayo, na mimi mwenyewe nikasikia jinsi maneno yalivyokuwa mepesi.

"Mwantumu ni mwoga tangu tukiwa wasichana," alisema Bi Tabitha. "Alikuwa anaogopa hata daraja la mfereji, muulize." Aligeuza uso kunitafuta kwa kile kitundu chake cha kuonea, akanikosa, akatazama pembeni yangu. "Mimi ningekubali, Hidaya. Ungekuja siku ile ile ungenikuta nimeshavaa viatu."

Bi Mwantumu akaanza kulia bila sauti, akakibusu kiganja cha mwenzake. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya chumba, na hakuna aliyeniambia nikae.